Bustani ya kale katikati ya jiji: nifanyeje ili sauti zake ziwe muziki wenyewe, zisiwe pambo?

MtegaSikio aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam nyingi kwenu nyote.

Kwa muda wa miezi minne nimekuwa nikinasa sauti katika bustani moja ya kale iliyo katikati ya jiji, bustani yenye ukuta wa mawe, miti iliyopandwa na watu waliokwisha kutangulia zamani, njia za changarawe, na chemchemi ya kujengwa ambayo maji yake hushuka katika mabeseni matatu yaliyopangwa moja juu ya jingine. Nimekwenda huko mara 31, karibu zote alfajiri kabla wageni hawajaruhusiwa kuingia, na sasa nina rekodi za takriban saa 40. Nia yangu ni kutengeneza muziki wa ambienti, yaani ule muziki wa taratibu usiotegemea mdundo wala mashairi, ambao msikilizaji anaweza kuufuatilia kwa makini au kuuacha uelee chumbani bila kumsumbua.

Kipande cha kwanza, cha dakika 18, nimekwisha kukimaliza, na hapo ndipo tatizo langu lilipoanzia. Nilitandaza chini kodi ndefu, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, za sintesaiza (kinanda cha umeme kinachounda sauti) katika A-maina, kisha nikapanga juu yake ndege, maji na nyayo za mtu anayetembea juu ya changarawe. Nilipomsikilizisha rafiki yangu mmoja ambaye masikio yake nayaamini, alisikiliza hadi mwisho, akasema ni kizuri, halafu akaniuliza wale ndege niliwapakua wapi. Swali hilo limeninyima usingizi. Ikiwa miezi minne ya kuamka usiku inasikika sawa na sauti za kupakua bure, basi bustani yangu haimo katika muziki huo hata kidogo. Imetundikwa tu juu yake kama picha ukutani.

Nieleze kidogo nilivyofanya kazi, pengine mtaona kosa lilipo. Ninatumia kinasa sauti cha mkononi chenye maikrofoni mbili, nimekivika kinga ya manyoya dhidi ya upepo, na ninarekodi kwa Hz 96,000, yaani vipimo 96,000 vya sauti kila sekunde, na biti 24. Kwa kuwa chemchemi inaendeshwa na pampu, rekodi zote za maji zina mvumo mzito chini yake. Nimeuondoa kwa kukata kila kitu kilicho chini ya Hz 120, yaani mitetemo 120 kwa sekunde. Magari ya nje ya ukuta nayo nimeyapunguza kadiri programu ilivyoweza. Sauti za watu sinazo nyingi, kwa sababu kwa makusudi nimezikwepa.

Sauti ninayoipenda kuliko zote ni ya lango. Mlinzi huja na shada la funguo, hujaribu wa kwanza, hukosea, hujaribu wa pili. Kisha bawaba ya kushoto huanza kulia kwa sauti ya chini na kupanda polepole kama mtu anayeuliza jambo, na kabla haijamaliza, ubao wa kulia hugonga jiwe. Yote hayo huchukua sekunde kumi na moja. Nimeirekodi mara nyingi, lakini kila ninapoiweka katika kipande changu inasikika kama mlango wa filamu ya kutisha, nami huishia kuifuta.

Naomba ushauri wa waliowahi kupita njia hii. Je, ninaondoaje hali hii ya muziki upande mmoja na bustani upande mwingine? Na je, nikizichakata sauti hizi kwa mitambo kiasi cha kuzifanya ziimbe, bado nitakuwa na haki ya kusema kwamba hii ni bustani ile?

FundiMawimbi alijibu:

Ndugu MtegaSikio, rafiki yako amekusaidia bila kujua. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, na nadhani ugonjwa uko mahali ambapo hukupashuku: ule mvumo wa pampu ulioukata.

Pampu inayotumia umeme wa Hz 50 huvuma hasa kwenye Hz 100, kwa sababu mvuto wa sumaku ndani ya mota hufika kileleni mara mbili katika kila mzunguko wa umeme. Mvumo huo hauji peke yake, bali huandamana na vizidisho vyake, yaani Hz 200, 300, 400 na kuendelea. Wewe umekata chini ya Hz 120. Kwa hiyo umeng'oa shina ukaacha matawi. Sasa itazame kodi yako: A ya chini iko Hz 110, na ile ya oktava moja juu yake iko Hz 220. Kati ya 200 ya pampu na 220 ya sintesaiza pana nafasi ya Hz 20 tu, na sikio likipewa masafa mawili (yaani kasi mbili za mitetemo) yaliyokaribiana namna hiyo halisikii noti mbili zilizotulia, husikia mkwaruzo. Msikilizaji hajui kwamba anasikia pampu, lakini anatambua kwamba amewekewa vitu viwili visivyojuana. Usiniamini mimi, fungua rekodi moja ya maji ambayo hujaikata, itazame katika picha ya masafa, na utaona mistari myembamba ya mlalo ikipita katikati ya ukungu wa maji. Ikiwa umeme wa huko ni wa Hz 60, mistari itaanzia 120 badala ya 100, lakini hoja haibadiliki.

R. Murray Schafer, mtunzi wa Kanada aliyeanzisha mradi wa kuchunguza mandhari ya sauti duniani katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, aliandika juu ya jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1977. Aliuita mvumo wa umeme mojawapo ya noti za msingi za maisha ya leo, akaeleza kwamba wanafunzi walipotakiwa waimbe noti yoyote inayowajia baada ya kutulia kabisa, wale wa Amerika ya Kaskazini waliangukia karibu na B, na wale wa Ulaya karibu na G-shapu, kila kundi likifuata umeme wa kwao. Bustani yako ya kale, kwa hiyo, ina noti yake ya msingi, hata kama noti hiyo imeletwa na mota iliyofungwa miaka mingi baada ya mabeseni kuchongwa. Kosa lako lilikuwa kuleta noti nyingine kutoka nyumbani.

Ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa, ni kuifunga sintesaiza kabatini kwa mwezi mmoja. Kodi unazo tayari ndani ya maji. Maji yanayoporomoka hutoa karibu masafa yote kwa pamoja, kama mwanga mweupe unavyobeba rangi zote. Kwa hiyo ukiipitisha rekodi ya chemchemi katika vichujio vyembamba vilivyowekwa kwenye Hz 100, 150 na 250, kitakachobaki ni kodi ya meja iliyotulia, kwa kuwa uwiano wa 2 kwa 3 kwa 5 ndio uwiano wa noti hizo katika maumbile. Haitalingana sawasawa na kinanda, na ni vizuri isilingane. Kila kichujio kifungue na ukifunge taratibu, kwa sekunde 20 au 30, kimoja kikiingia wakati kingine kinatoka. Angalia tu usivifanye vyembamba kupita kiasi, maana hapo maji yatageuka filimbi na utakuwa umerudi kule kule kwenye sintesaiza.

Kuhusu lango, inakutisha kwa sababu inakuja haraka na kwa nguvu katikati ya vitu vya polepole. Umerekodi kwa Hz 96,000, nawe hujaitumia faida hiyo. Icheze rekodi kwa nusu ya kasi: kila sauti itashuka oktava moja na kudumu mara mbili, lakini haitapoteza ung'avu wake kama ambavyo ingepoteza rekodi ya Hz 48,000, mradi maikrofoni zako ziwe zimezinasa zile sauti za juu ambazo sisi hatuzisikii. Ishushe tena, nayo itadumu mara nne. Bawaba iliyolia kwa sekunde 5 itachukua sekunde 20, na kupanda kwake kutakuwa sentensi ndefu ya muziki ambayo hukulazimika kuitunga. Tahadhari moja: kelele za maikrofoni yenyewe nazo hushuka pamoja na sauti, kwa hiyo chagua ile rekodi uliyokaa karibu zaidi na lango.

Kwa upande wa muda, fanya walichokuwa wakifanya watu wa kanda za sumaku. Brian Eno, katika albamu yake ya mwaka 1978 aliyoitunga kwa ajili ya viwanja vya ndege, alitumia vitanzi vya kanda vyenye urefu tofauti, kila kimoja kikijirudia kwa mwendo wake, hivi kwamba sauti zilikuwa zikikutana kila mara kwa namna mpya. Wewe chukua kitanzi cha maji cha sekunde 23, cha nyayo cha sekunde 29, na cha ufagio au majani cha sekunde 31. Vikianza pamoja, havitaanza tena pamoja mpaka zipite sekunde 20,677, ambazo ni saa 5 na dakika 44 na ushei. Bustani nayo huenda hivyo hivyo. Hakuna anayeyapigia majani kipimo.

Jambo la mwisho ni mwangwi. Usitumie mwangwi wa makanisa unaokuja na programu. Kama ndani ya bustani kuna pango la mapambo, kibanda cha mawe, au hata kona ambapo kuta mbili zinakutana, pasua puto pale, rekodi mlio wake hadi utakapokufa, kisha uitumie rekodi hiyo kama kielelezo cha mwangwi wa sauti zako zote. Lakini omba ruhusa kwanza. Puto likipasuka alfajiri nyuma ya mti, sidhani mlinzi atalichukulia kuwa ni sanaa.

Nyenje alijibu:

Wanangu, nimesoma maelezo ya FundiMawimbi kwa furaha, na katika mambo ya mitambo simpingi. Mimi nilianza kunasa sauti zamani kwa kanda, wakati ambapo kosa la dakika moja lilikuwa hasara ya kanda nzima, na kwa hiyo nimezoea kusikiliza muda mrefu kabla ya kubonyeza kitufe. Lililonishtua mimi katika barua ya kijana huyu ni jingine kabisa. Amesema anakwenda kabla wageni hawajaingia, anayapunguza magari, na anawakwepa watu. Mwanangu, basi umerekodi bustani ya nani?

Bustani ya jiji si msitu. Ilizungushiwa ukuta kwa sababu nje ya ukuta kulikuwa na jiji, na ilitengenezwa ili watu wakae ndani yake. Ukifuta mvumo wa magari, umeufuta ukuta pia, kwa maana ukuta hauna sauti nyingine zaidi ya namna unavyozifunika sauti za upande wa pili. Jaribu hili siku moja: simama hatua tatu nje ya lango, rekodi, kisha tembea taratibu hadi katikati bila kuzima chombo. Utasikia jiji likipoteza kwanza sauti zake kali, za breki na honi, kisha likabaki mvumo tu, kisha maji yakaufunika hata huo mvumo. Hakuna kichujio cha kompyuta kitakachokupa mwendo huo, na mimi ningeufanya kuwa mwanzo wa kazi nzima.

Hildegard Westerkamp, ambaye alikuwa katika mradi huo huo wa Schafer, ana kazi ya mwaka 1989 aliyoirekodi ufukweni Vancouver. Ndani yake anazungumza na msikilizaji, anamwonyesha jinsi jiji linavyonguruma nyuma ya milio midogo sana ya viumbe vya kwenye miamba, kisha anamwambia wazi kwamba studioni anaweza kulizima jiji hilo, na analizima tukiwa tunasikia. Hakudanganya. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la haki: chakata utakavyo, lakini usifiche mkono wako. Msikilizaji akiisikia bawaba mara moja kama ilivyo, halafu akaisikia ikipungua kasi mbele ya masikio yake, atakufuata popote utakapompeleka.

Tena, jiji huingia bustanini kwa njia ambazo hukuzipanga, na hapo ndipo rekodi hupata thamani. Huko Uingereza, BBC ilikuwa na desturi iliyoanza mwaka 1924 ya kutangaza moja kwa moja, kutoka bustani moja ya Surrey, wimbo wa ndege wa usiku wanayemwita nightingale. Bustani yenyewe ilikuwa ya shamba, si ya mjini, lakini sikilizeni kisa chake. Usiku mmoja wa Mei 1942 mafundi walisikia mngurumo wa ndege za kivita zikielekea Ujerumani. Waliacha kurusha matangazo, kwa kuwa yangeweza kumtahadharisha adui, ila kinasa sauti hakikuzimwa. Rekodi hiyo ipo hadi leo: mngurumo unakua, unajaza kila mahali, unapungua, na yule ndege anaimba muda wote. Fundi ambaye angekuwa na kichujio cha kukata masafa ya chini, akakitumia, angetuachia wimbo mzuri wa ndege, basi.

Hata hao ndege wako wa alfajiri si wa msituni. Watafiti wawili wa Uholanzi, Slabbekoorn na Peet, walionyesha mwaka 2003 kwamba ndege wadogo wa aina ya Parus major wanaoishi katika sehemu zenye kelele za mji wa Leiden huimba kwa sauti za juu zaidi kuliko wenzao wa sehemu tulivu, ili wasimezwe na mvumo wa chini. Ukiwatoa magari ukawaacha ndege, umemwacha mtu anayepaza sauti katika chumba kitupu.

Nenda saa kumi jioni. Kaa kwenye benchi moja robo saa bila kurekodi chochote, mpaka watu waache kukutazama. Halafu rekodi saa nzima, usihame.

MtegaSikio aliandika:

Shikamoo Mzee Nyenje, na shukrani nyingi kwako Ndugu FundiMawimbi. Nimechukua wiki tatu kabla ya kujibu kwa sababu nilitaka nije na kitu mkononi.

Mistari niliiona. Iko Hz 100, 200 na 300, imenyooka kama uzi, na ule wa 200 ulikuwa ukipita ndani ya kodi yangu tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Nimeitoa sintesaiza yote. Vichujio vya maji nilivifanya vyembamba mno mwanzoni, kama ulivyonionya, nikapata filimbi. Nilipovipanua kidogo, yakatokea maji yanayoimba, na nikakaa kimya muda mrefu kwenye kiti. Lango ndilo lililonishangaza zaidi. Bawaba huanza kulia karibu na Hz 300, kwa hiyo niliposhusha kasi kwa nusu ilianzia 150, pale pale kwenye noti ya katikati ya kodi ya chemchemi. Sikupanga hilo. Nimekiri moyoni kwamba ni bahati tu, lakini nimeitumia.

Rekodi ya jioni nayo nimeifanya, na Mzee ulikuwa na haki ya kuniuliza. Kumbe changarawe ina lugha yake: mtu mzima hukanyaga kwa uzito na kuburuta, mtoto hurusha vijiwe, na gari la kusukumia mtoto huchora mstari mmoja mrefu wa mkwaruzo usiokatika. Karibu na chemchemi kulikuwa na watoto waliokuwa wakihesabu kwa sauti ili wenzao wajifiche. Wawili walikuwa wakizozana nyuma yangu kuhusu mambo ya nyumbani, na nina dakika nne za maneno yao zinazosikika neno kwa neno. Na nje ya lango kulikuwa na mpiga fidla wa barabarani ambaye muziki wake unaingia kwa mbali kila upepo unapogeuka, tena unapendeza mno. Sasa ninaogopa. Vitu hivi ninaruhusiwa kuvitumia?

HakiNaSauti alijibu:

Kaka MtegaSikio, sheria hutofautiana baina ya nchi na nchi, lakini yapo mambo kadhaa ambayo hayakuhitaji wakili.

Maji, ndege, lango na changarawe havina mwenye hakimiliki; rekodi uliyoifanya wewe ya vitu hivyo ndiyo yenye mwenyewe, naye ni wewe. Mpiga fidla ni jambo tofauti, na watu wengi huteleza hapa. Katika muziki wake kuna haki mbili: ya mtunzi wa wimbo na ya mpigaji mwenyewe kwa upigaji wake. Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mara ya kwanza mwaka 1886, unaweka kipindi cha chini kabisa cha ulinzi kuwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na nchi nyingi zimekwenda hadi 70. Wimbo ukiwa wa karne mbili zilizopita, mtunzi hakudai. Mpigaji bado anadai. Rudi ukamtafute, umsikilizishe, umwombe, na makubaliano yenu yaandikwe hata kwa mistari mitatu. Sijamwona bado mwanamuziki wa barabarani aliyechukia kuulizwa.

Wale wawili waliokuwa wakizozana waache. Sisemi hivyo kwa sababu ya sheria peke yake. Walikaa kwenye benchi wakiamini kwamba maneno yao yanaishia hapo. Ukitaka sauti zao, ichukue ile sehemu ambayo wako mbali na maneno hayashikiki, au uipunguze kasi mpaka libaki lile wimbi la mazungumzo bila neno hata moja. Watoto nao, usiyaache majina yakasikika.

Halafu kuna wasimamizi wa bustani yenyewe. Mimi niliwahi kutoa kazi ya namna hii bila kibali, nikidhani kwamba mahali pa wazi ni pa wote, na nikalazimika kuiondoa mtandaoni baada ya siku tisa kwa sababu masharti ya mahali pale yalitaka barua kwa kurekodi kokote kunakokusudiwa kuuzwa. Ubao wa masharti ulikuwa langoni. Nilikuwa nimeupita kila siku.

Jina la kila faili liwe na tarehe, saa na mahali uliposimama. Miaka kumi ijayo mti mmoja utakuwa umekatwa au pampu imebadilishwa, na mtu atataka kujua mahali pale palisikika vipi.

Nyenje alijibu:

Hilo la pampu kubadilishwa lisipite hivi hivi. Noti ya msingi ya kazi yako nzima, mwanangu, inatoka kwenye chombo ambacho fundi anaweza kukitoa kwa bisibisi asubuhi moja. Kairekodi peke yake, karibu kabisa, kwa maikrofoni ya kugusisha iliyobandikwa kwenye bomba. Kuna bustani ambazo sauti yao ilitengenezwa kwa makusudi. Wajapani wa enzi ya Edo walifukia mitungi kichwa chini, wakatoboa tundu juu yake ili matone ya maji yakianguka ndani yalie kama kengele, nayo mitungi hiyo huitwa suikinkutsu. Ya kwenu haikutengenezwa na mtu, imetokea tu. Ndiyo maana hakuna atakayeihifadhi usipoihifadhi wewe.

MtegaSikio aliandika:

Nimeipata pampu, Mzee. Iko chini ya kifuniko cha chuma nyuma ya kichaka, na mtunza bustani alinifunulia mwenyewe baada ya kunitazama kwa muda na kuniuliza kama nimetumwa na watu wa maji. Nilipomwekea visikilizio masikioni alicheka, kisha akaniambia kwamba anaweza kujua beseni la kati limeziba majani kwa kusikia tu akiwa mbali, kwa sababu maji hupandisha sauti. Nimerudi siku mbili baadaye lilipoziba kweli, nikarekodi kabla hajalisafisha na baada ya kulisafisha. Tofauti ipo wazi kabisa, na sasa badiliko hilo ndilo linalogeuza kipande katikati, pale ambapo zamani nilikuwa nimebadilisha kodi kwa mkono.

Mpiga fidla amekubali, tena kwa maandishi. Barua ya wasimamizi naisubiri. Kipande sasa kina dakika 34: kinaanzia nje barabarani, kinaingia langoni, kinakaa, na kinaishia kwa mlinzi akifunga jioni. Bawaba inasikika mara ya kwanza kwa kasi yake halisi, na mara ya mwisho kwa robo ya kasi. Nimewatumia faili nyote watatu kwa faragha kwa ajili ya masikio yenu tu hadi kibali kitakapotoka.

FundiMawimbi alijibu:

Nimekisikiliza mara mbili, mara moja kwa visikilizio na mara moja kwa spika, chumba kikiwa giza. Beseni lililoziba limefanya kazi kuliko chochote ambacho ningekushauri. Nina mawili tu. Kwenye dakika ya 12 kitanzi cha nyayo kina mkato unaosikika kwa sababu umekikata mguu ukiwa bado unasaga changarawe. Sogeza mkato hadi katikati ya hatua mbili, kisha uunganishe kwa mfifio wa milisekunde 200 hivi. Na pale mwishoni, funguo za mlinzi ziko juu mno zikilinganishwa na maji, kwa hiyo zishushe kwa desibeli 3, ila ule ufunguo wa kwanza anaokosea usiuguse.